Wanaonimalizia Maneno

Malindi, Lushoto
12 Novemba 2023

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na joto la Tanga halijakumaliza. Sisi huku tunaota moto tangu alasiri. Ukungu unashuka mapema siku hizi, ng'ombe wakirudi huwaoni, unasikia kwato tu. Baba anasumbuliwa na goti lakini bado anapanda shambani kila asubuhi. Kabichi zimefunga vizuri. Mtamba wetu amezaa, ndama ni jike, ana baka jeupe usoni.

Najua ulikasirika kuhusu simu. Ulipopiga nilikuwa nimeishika simu ya Baba, nakusikia vizuri kabisa, "Haloo, Hawa? Haloo?" Nilikuwa nahangaika na ile "sh" ya shikamoo mpaka ukakata. Kwenye simu mtu hauoni mdomo wangu, anadhani mtandao ni mbaya. Kwa hiyo nakuandikia. Kalamu haijawahi kunigomea.

Kuna mgeni hapa nyumbani. Anaitwa Bwana Ismaili, mtu wa Soni, ana lori la kupeleka mboga huko kwenu na Dar. Mara ya kwanza alikuja kwa ajili ya kabichi. Mara ya pili alikuja kuulizia karoti, na anajua hatulimi karoti. Mara ya tatu alikuja na wazee wawili, wakakaa na Baba sebuleni, nikaambiwa nipeleke chai. Akaniuliza jina langu. Nilipofika "Ha" nikakwama. Akatabasamu, akasema, "Hawa. Jina zuri." Kila nilichoanza kusema alinimalizia. Mara nyingine alipatia, mara nyingine hakupatia, lakini hakusubiri kujua. Baba alifurahi sana. Alisema huyu bwana ana subira na mimi.

Baba ameipokea posa. Anasema tangu Mama afariki halali akifikiri nani atanichukua na ulimi huu. Bwana Ismaili aliwahi kuoa, ila mke hayupo.

Sina la ziada. Msalimie jirani yako anayeuza mbaazi. Ndama anakusalimu.

Mwanao, Hawa


Ngamiani, Tanga
30 Novemba 2023

Mwanangu Hawa,

Marahaba. Barua nimeipata kwa kondakta wa basi, imekunjwa kama sambusa lakini imefika. Sikukukasirikia wewe, niliwatukana watu wa mtandao bure. Kuanzia leo nikipiga nikasikia kimya nitajua ni wewe, na nitangoja. Huku joto ni la kuivisha mkate. Presha yangu imepanda kidogo, usimwambie shemeji Faraji, ataanza kunitumia majani ya kuchemsha.

Presha hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali, na huko nimekutana na jambo. Mbele yangu dirishani alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kajitanda khanga safi. Alipoulizwa jina akakwama. Hawa, ilikuwa kama nakuona wewe, ile shingo inavyokaza. Karani akataka kumsaidia. Yule mama akainua kidole, akasema, "N-nina kigugumizi. Nitamaliza m-m-mwenyewe." Akamaliza, na foleni nzima ikamsubiri. Nililia kwenye foleni ya presha, watu wakadhani nimepewa majibu mabaya.

Nilimfuata nje. Ni Bi Secilia, Msambaa mwenzetu kutoka Bumbuli, Mlutheri. Miaka ya nyuma alisaidiwa na mtaalamu wa matamshi Dar es Salaam, maana wataalamu wa aina hiyo nchi hii ni wachache mno, na sasa kila Jumamosi anakaa na wenye kigugumizi hapa Tanga, wakubwa kwa watoto. Anasema si uchawi. Si kwamba ulitekenywa sana ulipokuwa mchanga, kama bibi yako alivyokuwa akimlaumu marehemu dada yangu. Si upungufu wa akili. Hana dawa ya kukiondoa, na anayekuambia anayo anataka mbuzi wako. Lakini anasema kuna namna ya kukibeba kisikulemee.

Amesema nikuandikie hivi. Usilikimbie neno ukatafuta jingine rahisi. Usilisukume pia. Toa pumzi kidogo, lianze taratibu, ukikwama kaa papo hapo bila kupigana nalo, kisha endelea. Na kabla ya yote mwambie mtu: nina kigugumizi, nisubiri. Jaribu hata kwa ndama.

Sasa na mimi nina maswali mawili. La kwanza: mke wa huyo Ismaili hayupo maana yake nini? Amekufa, ameachwa, au amepotea? La pili hukuligusa katika barua yako yote. Wewe unamtaka?

Mama yako mdogo, Saumu


Malindi
7 Januari 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Presha inaendeleaje? Sijamwambia Baba. Mvua imetupiga wiki nzima na matuta ya chini yamebomoka, tumeyainua upya. Viazi vimeoza kidogo. Ndama anakua.

Nimemwambia ndama jina langu mara nyingi. Anasubiri kuliko watu wote wa kijiji hiki. Jumatatu nilikwenda dukani, badala ya kunyoosha kidole nikasema kwanza, "Nina k-kigugumizi, nisubiri." Muuza duka akacheka, akasema anajua, anajua tangu nazaliwa. Lakini alisubiri. Nikaomba sukari na kiberiti, vyote kwa mdomo wangu. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka kama niliyebeba kuni kutoka msitu wa Magamba.

Baba nilipomweleza habari za Bi Secilia hakupenda. Alisema, "Mbona kwenye kaswida hukwami? Ukitaka unaweza." Bwana Ismaili alikuwepo. Akasema, "Mzee Faraji, mwache. Mke asiyesema ni baraka. Mimi nitasema kwa niaba yake." Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mzaha.

Kuhusu mke wake, anasema alitoroka na mwanamume mwingine. Anaitwa Dotto. Watu wa Soni ukiwauliza wanaanza kupanga nyanya zao.

Harusi imepangwa baada ya Idi Kubwa. Kwa hiyo nafasi ipo, na ningependa kuja kwako mwezi mmoja nikae na Bi Secilia hizo Jumamosi. Baba hajakataa wala kukubali.

Bwana Ismaili amejitolea kubeba barua zetu, maana lori lake linashuka Tanga kila wiki. Amesema makondakta hupoteza vitu. Hii anaileta dereva wake.

Hawa


Tanga
28 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka. Dereva wa huyo bwana alinikabidhi barua yako akasimama mlangoni, akasema ameambiwa asiondoke bila majibu. Nimemwambia aje kesho. Kuandika si kuchemsha yai.

Umenifurahisha na hiyo sukari na kiberiti. Nilimsomea Bi Secilia, akapiga meza kwa furaha. Kitanda chako nimeshakitandika, kile cha dirishani. Njoo mwanzoni mwa Machi kabla ya Ramadhani. Bi Secilia anasema mwezi mmoja hautakibadilisha kigugumizi, lakini utaona wenzako. Kuna fundi cherehani pale, kuna kijana wa bandarini, kuna mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akipigwa kwa kushindwa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Utajua hauko peke yako.

Hukulijibu swali langu la pili. Sitakulazimisha. Lakini mtu akiulizwa kama ana njaa akajibu habari za mvua, mimi hupakua chakula.

La mwisho nakuambia wewe tu. Kuna mtu amenieleza kwamba Dotto yuko Muheza, kwa kaka yake, na hakuna mwanamume mwingine aliyetoroka naye. Nitakwenda nimwone mwenyewe. Nyamaza nalo mpaka nirudi.

Saumu


Malindi
20 Februari 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Baba ni mzima. Mazao ni mazuri.

Nashukuru kwa kitanda lakini sitakuja Tanga. Harusi imewahishwa, itakuwa Ijumaa ya pili baada ya Idi hii ya Ramadhani. Hakuna haja ya mafunzo. Bwana Ismaili ni mtu mwema na anatujali.

Bwana Ismaili anakusalimu sana. Anasema usijisumbue kwenda Muheza, safari ndefu si nzuri kwa mtu mwenye presha.

Hawa binti Faraji


Tanga
2 Machi 2024

Hawa,

Barua hii inapita kwa Esteria, muuguzi wa zahanati yenu, tuliyesoma naye. Atakuita kama anayekupima. Isome hapo hapo zahanati.

Habari za Muheza nilizitaja katika barua moja tu, na barua hiyo niliiweka mkononi mwa dereva wake. Presha yangu uliiulizia wewe katika barua aliyoileta dereva huyo huyo. Kwa hiyo huyu bwana anafungua bahasha, zako na zangu. Barua yako ya mwisho ni mwandiko wako lakini si wewe. Tangu uanze kuniandikia hujawahi kuniita "Mama mdogo" ukasahau kunitajia ndama.

Muheza nilikwenda. Nilikuwa nimeamua nisikuandikie nilichokiona, nikaandika barua nzima ya salamu nikaichana.

Dotto ana miaka thelathini na ushee. Nilipofika alikuwa anapepeta mchele. Nilisalimia mara mbili hakugeuka, mpaka kaka yake akaniambia nizunguke upande wa kulia. Sikio la kushoto halisikii tena. Hana kigugumizi, Hawa. Kaka yake anasema alikuwa mpiga soga, sokoni Soni walimwita redio. Sasa ukimwuliza jambo anaangalia kwanza mlango. Nilimwuliza ilianzaje. Aliangalia mlango, akasema, "Alianza kwa kunimalizia maneno."

Sitaandika mengine. Mengine nitakuambia tukiwa tumekaa.

Nimempigia baba yako. Nilimweleza yote. Akasema mimi nina kinyongo tangu marehemu dada yangu alipofia mikononi mwake, na kwamba namharibia mwanawe riziki. Akakata.

Nimemwuliza shehe mmoja hapa mtaani kwetu, mtu msomi. Anasema msichana hawezi kuozeshwa bila ridhaa yake, na ni lazima aulizwe. Lakini msichana ambaye hajawahi kuolewa akinyamaza, kimya chake huhesabiwa ndiyo, kwa sababu ya haya. Umeelewa hatari iliyopo? Watakuuliza, utakwama, watasema ameridhia. Hakuna atakayekuwa amevunja sheria.

Ukiwapa karatasi watasema nimekuandikia mimi. Sauti yako hawawezi kusema ni yangu. Neno hilo ni lazima ulitoe mwenyewe. Nami nitakuwepo, nitakuja siku moja kabla.

Mama yako mdogo


Malindi
29 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Naandika zahanati, Esteria amefunga mlango na kuwaambia watu nina homa. Ndama yuko salama, ameanza kula majani.

Ulikuwa umekisia sawasawa. Ile barua Bwana Ismaili aliniambia maneno ya kuweka, akiwa amekaa kwenye kigoda cha Mama, na Baba alikuwa shambani. Hakunitisha. Hajawahi kupandisha sauti.

Swali lako la pili nalijibu sasa. Simtaki. Ona lilivyo jepesi kwenye karatasi.

Karatasi nilishaijaribu, nilimwandikia Baba. Akasoma, akaikunja, akasema, "Haya ni maneno ya Saumu." Basi nikajaribu kwa mdomo. Ilikuwa baada ya futari, tuko wawili. Nilimwambia kwanza nina kigugumizi, anisubiri, akasema, "Sema mwanangu." Nikaanza. "Si... si... si..." Niliona uso wake unavyoumia, Mama mdogo. Hawezi kuvumilia kunitazama. Akanimalizia kwa huruma kabisa: "Siku ngapi zimebaki? Chache tu, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Akanipigapiga begani, akaenda kuswali tarawehe.

Kuna jambo sijakuandikia. Juma lililopita Bwana Ismaili alikuja kufuturu. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, akaja mlangoni kuomba maji. Nikamwambia, "Nina k-kigugumizi, nisubiri, nina neno." Nikaanza. Akaweka glasi chini. Akanifunika mdomo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunika chungu ili mchuzi usipoe. Akakaa hivyo. Kiganja kilinuka vitunguu. Nilikuwa na pumzi ya puani tu. Kisha akasema, "Umeona? Hakuna shida." Akachukua glasi yake akarudi sebuleni, nikamsikia akimsifia Baba tambi.

Tangu siku hiyo hata neno "kigugumizi" silitamki. Kwa ndama nakwama pia. Mwulize Bi Secilia kama mtu anaweza kurudi nyuma kuliko alikoanzia.

Njoo. Usichelewe.

Hawa


Mombo
19 Aprili 2024, Ijumaa, saa kumi

Hawa mwanangu,

Niko Mombo tangu jana. Mlima umeporomoka juu ya barabara kabla ya kufika Soni. Udongo na mawe na mti mzima umelala katikati. Wanasema wanachimba. Nilikodi bodaboda nikafika hadi kwenye tope, vijana wanavuka kwa kushikana mikono, nami nilijaribu, nikateleza mpaka magotini. Wakanirudisha. Wewe simu huna, ya baba yako imezimwa, ya Esteria inaita bila kupokelewa.

Swala ya Ijumaa imekwisha. Kama walifuata ratiba, basi limeshafanyika lililofanyika. Sijui namwandikia nani, Hawa wa baba yake au mke wa mtu.

Uliniuliza kama mtu anaweza kurudi nyuma. Bi Secilia alisema ndiyo, yeye imemtokea mara nyingi, na siku nyingine kigugumizi kinakuja kama kipya. Alisema mambo yakiwa hivyo usitafute kusema vizuri. Sema vibaya, lakini sema. Nilikuja nikuambie hayo kwa mdomo na nimekwama hapa chini.

Kijana mmoja anavuka kwa miguu kwenda Lushoto. Nampa hii.

Saumu


Malindi
5 Mei 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepona na umefika Ngamiani salama. Barua yako ya Mombo niliipata siku ya nne, imelowa, maneno mengine yamefutika. Baba mzima. Ndama mzima. Mimi ni Hawa wa baba yangu. Nianze na hilo upumue.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikaa chumbani kwa Mama nimefunikwa kitambaa, wanawake wamejaa mpaka ukumbini, wanaimba. Kila aliyeingia nilidhani ni wewe. Mmoja akasema barabara imekatika na wageni wa Tanga hawatafika. Nilisikia sauti ya Bwana Ismaili sebuleni. Alikuwa amefika tangu jana yake, kabla mlima haujaporomoka.

Baada ya swala Shehe wa msikiti wetu akaja na mashahidi wawili, na Baba nyuma yao. Wanawake wakanyamaza. Shehe akaketi kwenye mkeka mbele yangu, akasema baba yangu anataka kuniozesha kwa Ismaili, je, nimeridhia?

Nilikuwa nimepanga kuanza na "nina kigugumizi, nisubiri." Haikutoka hata herufi. Kiganja kile nilikisikia mdomoni kana kwamba bado kipo. Shehe akauliza mara ya pili. Kungwi akasema, "Amenyamaza, Shehe. Ameridhia." Shahidi mmoja akaanza kuinuka.

Nikaondoa kitambaa kichwani. Mama mdogo, sikukusudia. Nilitaka tu wauone mdomo wangu. Wanawake wakashtuka, mmoja akataka kunifunika tena, nikaushika mkono wake. Nikainua kidole kama Bi Secilia dirishani. Baba akasema, "Ni haya tu, Shehe. Amekubali."

Shehe akamwambia, "Faraji, sikukuuliza wewe." Akamwambia shahidi aketi. Kisha akanigeukia, akasema, "Sema, binti. Sina haraka, mvua bado inanyesha."

Nikaanza. Ilitoka "sss" peke yake, ndefu, kama sufuria inayovuja mvuke. Mtu akacheka ukumbini. Nikakwama. Nikataka kusukuma, shingo ikakaza, macho yakajaa machozi. Nikaacha kusukuma. Nikakaa hapo hapo na ile "sss," mbele ya watu wote, na uso umepinda. Sijui nilikaa muda gani. Nilimwona Baba anafungua mdomo, na Shehe bila kumtazama akamnyooshea kiganja, akanyamaza.

"Si-si-sitaki."

Nikapumua, nikarudia yote: "S-sitaki kuolewa na Ismaili." Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, lakini ilifika mwisho.

Shehe akasema, "Nimesikia." Akawauliza mashahidi kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akaenda sebuleni, mlango uko wazi, tukasikia sote. Bwana Ismaili aliuliza kwa utulivu, "Amesemaje?"

"Amekataa."

Akacheka kidogo. "Shehe, huyo hujamzoea. Hakumaliza. Alitaka kusema hataki mwingine."

Shehe akasema, "Amemaliza."

Mvua ikapiga bati. Bwana Ismaili akavaa viatu vyake kwa utaratibu, akafunga kamba, akaaga wazee mmoja mmoja. Alipopita dirishani kwangu alisimama. Akasema polepole, si kwa hasira, "Mlima huu una barabara moja, Hawa." Akaondoka na watu wake, na pilau lote likabaki kwenye masufuria.

Tangu hapo lori linapita mbele ya nyumba yetu karibu kila asubuhi. Hana mzigo huku, hakuna anayemuuzia. Linapunguza mwendo getini, linanguruma, kisha linaendelea. Esteria alikwenda nami kwa mtendaji wa kijiji tukaeleza, akasema kupita barabarani si kosa. Ameandika hata hivyo. Wanawake wengine hawanisalimii. Wengine wamekuja kunong'ona kwamba walijua habari za Dotto miaka yote. Nikawauliza k-k-kwa nini hawakusema, wao ambao ndimi zao ni nyepesi. Wakakumbuka kuni zao.

Baba hakuzungumza nami zaidi ya wiki. Alikula, akaenda shambani, akarudi. Kisha jioni moja akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda cha Mama, akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa na hasira nikataka kucheka. Nikaanza kumjibu. Nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa na nikamwona midomo yake inaanza kulitafuta. Akaweka mkono mdomoni mwake mwenyewe. Nilimweleza barua zilizofunguliwa, na mlango wa jikoni, na kile kiganja, na sikio la Dotto. Viazi viliungua hadi moshi ukajaa. Hakuinuka. Nilipomaliza alisema, "Mimi nilidhani nakusaidia." Akatoka nje, nikamsikia anaongea na ng'ombe, sauti yake haikuwa sawa.

Ningependa kuishia hapo, lakini jana Esteria ameleta habari. Bwana Ismaili amepeleka posa nyumba nyingine, Mlalo. Msichana hana mama. Wanasema ni mkimya, mwenye haya, hana maneno mengi. Baba yake amefurahi. Harusi ni kabla ya mwezi kwisha.

Usiku sikulala. Asubuhi nikamwambia Baba nataka kwenda Mlalo. Akasema barabara ni ile ile anayopita na lori. Nikasema najua. Akasema basi atakwenda nami, na yeye ndiye atakayezungumza na baba wa yule binti, kwa kuwa ni mambo ya watu wazima na mimi nitapata shida. Nikamwambia hapana. Yeye atazungumza na baba. Mimi nitazungumza na binti, na nitamwambia asimruhusu mtu mwingine anisemee, anisubiri mimi.

Tunaondoka kesho asubuhi na basi la kwanza. Dotto amekubali kuja hadi Lushoto mjini ili binti akitaka kumsikia asiende mbali, kaka yake anamleta. Hilo ulilipanga wewe na hukuniambia, Esteria amekuchongea.

Itanichukua muda mrefu, Mama mdogo. Nimemwambia Baba abebe chakula.

Mwanao, Hawa